Mshiriki wa Thelathini na Moja

Nywele zangu zimerudi. Zimeota nyembamba na laini, kama za mtoto mchanga, na nikichana asubuhi hazibaki tena kwenye kitana mafungu kwa mafungu. Nilisubiri zirudi ndipo niandike, kwa sababu nilijijua: ningeandika kichwa kikiwa kitupu ningejihurumia, na katika habari hii mimi si wa kwanza kuhurumiwa. Namwandikia mtu mmoja nisiyemjua, yule aliyeugua homa ya matumbo akapona, kisha akaitwa tena kliniki na kuambiwa kwamba amepona yeye lakini ugonjwa bado umekaa ndani yake. Najua anavyoitazama mikono yake sasa.

Homa ilinishika wakati wa kaskazi, joto limejaa katika vichochoro vya Kibokoni hata kuta za mawe zilikuwa za moto ukiziegemea. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na riwaya moja iliyochapishwa, ambayo wasomaji wake wengi ni wale tuliokuwa tukiketi nao Jumamosi kusomeana kazi zetu. Riziki yangu ilitoka kwengine. Nilikuwa nikisafisha Kiingereza cha makala za wataalamu kabla hazijapelekwa kwa majarida ya kitaaluma. Mtaalamu huandika anachokijua. Mimi humwondolea vumbi katika sentensi. Kazi hiyo niliipenda kuliko nilivyokiri mbele ya wenzangu.

Siku tatu za kwanza nilidhani ni malaria. Siku ya nne ulimi wangu ulikuwa mweupe kama uliopakwa chokaa, na bangili ambazo Mama alizoea kunivua kwa sabuni ziliteremka zenyewe mpaka kwenye vidole. Kliniki ilikuwa na benchi moja refu na feni iliyozunguka kwa kusitasita. Nilikuwa na kikaratasi cha nambari mkononi na sikuweza kuisoma. Mwanamke nisiyemjua, mwenye nguo ya leso na mguu uliofungwa bendeji, aliniona nikiyumba.

"Niegemee," alisema.

"Nitakulemea, mama."

"Walemea nini, nawe umebaki mifupa? Lala. Nambari yangu bado."

Nililala begani kwake saa nzima. Alipoitwa, alimwambia muuguzi amchukue mwengine kwanza. Sikupata kumwona tena, wala sikumbuki uso wake. Nakumbuka harufu ya karafuu ya bega lile.

Nilipewa vidonge vya siku kumi na nne. Siku ya tisa homa ilikuwa imetoka, na Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kusoma sura mpya mbele ya wenzangu. Vidonge vilinichafua moyo. Nikaviacha. Daktari wa kliniki aliniambia baadaye kwamba hata ningevimaliza, pengine mambo yangekuwa yale yale. Alikuwa mpole. Sikumwamini.

Ramadhani ilipoingia nilikuwa nimesimama. Nywele ndizo zilizoanza kudondoka wakati huo. Niliziokota kwenye mto wa kulalia, kwenye zulia, kwenye sahani. Lakini nilikuwa na nguvu, na Mama alikuwa akiumwa bega, kwa hivyo mwaka huo chatini ya nazi ilikuwa kazi yangu. Nyumbani kwetu chatini haipikwi. Nazi hukunwa mbichi, ikatiwa pilipili mbichi, kitunguu thomu, kotmiri na ndimu, kisha huchanganywa kwa mkono, kwa sababu Mama alinifundisha kwamba kijiko hakijui chumvi. Kila alasiri nilijaza mabakuli saba, nikayapanga kwenye sinia, nikayafunika kwa kitambaa cheupe, nikayapeleka nyumba saba za kichochoro chetu. Watu walinisifu. Bi Maryamu, jirani wa mlango wa kukabiliana na wetu, alisema chatini ya mwaka huo ilishinda ya Mama. Nilifurahi kiasi cha kuona haya.

Baada ya Idi, homa ikaingia kichochoroni. Wa kwanza alikuwa Nuru, binti yake Bi Maryamu, mwenye miaka kumi na mmoja. Akafuata shemeji wa fundi cherehani wa nyumba ya mwisho, kisha watu wawili wa nyumba ya pembeni. Wengine walitibiwa wakarudi. Nuru utumbo wake ulitoboka, akapasuliwa. Siku ya tatu nilikwenda kumtazama na chupa ya maji ya machungwa niliyoyakamua mwenyewe, kwa mikono hii. Muuguzi akasema mgonjwa asipewe kitu chochote kinywani, na Bi Maryamu akaimwaga ile chupa kwenye sinki, akiniomba radhi. Katika mambo yote ya mwaka ule, hilo la kumwagwa kwa machungwa ndilo ninalomshukuria Mungu mara nyingi zaidi.

Wiki chache baadaye wakaja watu wa utafiti. Walitaka kujua homa ile ilitoka wapi. Alikuja msichana mpole mwenye baibui na kitambulisho shingoni, akaketi sebuleni kwetu, akatupa kila mmoja nambari badala ya jina. Mimi nikawa wa thelathini na moja. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake akichambua mchele.

Msichana aliuliza kuhusu maji. Tukamwambia sisi tuna mfereji wetu, hatununui maji ya mkokoteni. Akaandika. Akauliza kuhusu choo. Nikamjibu nikitazama ukuta. Kisha akauliza: "Mwezi wa Ramadhani, kuna chakula kilichotoka nyumba hii kikaliwa nyumba nyengine?"

Mama hakuinua kichwa. "Hatukupeleka kitu," alisema.

Nilimtazama. Alinitupia jicho moja tu, na nikaelewa. Kwa Mama, futari iliyopelekwa kwa jirani ni sadaka, na sadaka ukishaitaja mbele ya watu, tena mbele ya kalamu, umeila thawabu yake mwenyewe. Angekubali kulishwa pilipili kuliko kumhesabia mgeni mabakuli aliyoyatoa kwa ajili ya Mungu. Msichana akanigeukia.

"Na wewe, dada?"

"Ni kama alivyosema Mama."

Akaandika hapana. Siku ile, kusema kweli, sikuona ubaya. Niliona adabu.

Kilichobaki kilikuwa kikopo. Kila mshiriki alipewa kikopo chenye kifuniko cha buluu, alete choo chake kliniki asubuhi ya pili. Nani atembee Mji wa Kale na kitu kile mkononi? Nikakitia ndani ya kikapu kidogo cha halua, nikakifunga kwa uzi, nikatoka mapema. Hatua kumi tu, nikakutana na Bi Maryamu akirudi dukani.

"Subalkheri, mwanangu. Halua asubuhi yote hii?"

"Subalkheri, Bi Maryamu. Ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani ala kikapu kizima? Hebu nimegee kidogo nikanywee kahawa."

"Imefungwa."

"Imefungwa kwa misumari? Mimi uzi naujua kuufungua."

Nikakirudisha kikapu nyuma ya mgongo. Bi Maryamu akacheka, akacheka hasa, mpaka akashika ukuta. "Uchoyo huu utaingia nao nyumba ya mume," alisema, akaenda zake akipangusa macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu Nuru alipopasuliwa. Na mimi nikacheka njia nzima mpaka kliniki. Sijui jambo lolote maishani mwangu ninaloona haya kulikumbuka kuliko kicheko kile cha wawili wetu, na kilichokuwamo kikapuni.

Majibu yalikuja wakati mvua za mwaka zilipokuwa zikikatika. Chumba cha kungojea kilijaa watu wenye nambari, kila mmoja akijifanya hamjui jirani yake. Nikaitwa.

"Wewe umepona," muuguzi aliniambia, mlango umefungwa. "Lakini bakteria wa homa hawajatoka. Wamejificha kwenye nyongo, na wanatoka kidogo kidogo kwa choo. Wewe hawakuumizi."

"Na wengine?"

"Wengine, kama mikono haikuoshwa sawasawa, kwa chakula kisichopikwa..." Akafungua faili. "Hapa imeandikwa hujawapelekea watu chakula. Ni kweli?"

"Naam," nikasema.

"Afadhali."

Hiyo naam ndiyo yangu. Ile ya kwanza ilikuwa sadaka ya Mama, na ningeweza kuisahihisha kwa maneno matano, nimekaa pale pale kwenye kiti cha plastiki. Lakini mbele ya macho yangu nilikuwa namwona Nuru na mshono wake kutoka kitovuni kushuka, na mdomo wangu ulitoa neno moja dogo lenye heshima, likafunga mlango.

Nilimeza vidonge siku ishirini na nane, na safari hii sikuacha hata kimoja. Kusi lilikuwa limeanza kuvuma na ngozi ya mikono yangu ilipasuka kwa sabuni. Kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu. Vifundo viliuma nikipanda ngazi, nikapanda kama bibi kizee, nimeshika ukuta. Mama nilimwambia kwamba siwezi kuingia jikoni kwa sababu harufu ya vitunguu inanitapisha. Aliniletea chakula chumbani. Nilioga maji ya ndimu mpaka nikanuka ndimu usingizini, na bado nilipokuwa nikimpa mtu mkono nilikuwa wa kwanza kuuvuta. Wewe unayesoma, kama uko kwenye siku hizo, nakwambia hili: mwili wako haukukosea kitu. Mwili haukufanya, ulifanyiwa. Kosa, kama lipo, liko kwengine, na hilo halitibiwi kwa sabuni.

Siku ya ishirini na moja ya vidonge, Daktari Atieno akanitumia makala yake.

Daktari Atieno alikuwa mtafiti kutoka bara aliyekaa Mombasa miaka mingi kuliko aliyokaa kwao. Nilikuwa nimemsafishia makala nne kabla ya hiyo, zote kuhusu bakteria wa tumboni, na alikuwa na mazoea ya kuniita mwalimu. Washiriki wake aliwajua kwa nambari tu. Majina yalibaki kliniki. Nilipofungua makala nikaona ni ya kichochoro chetu. Kwenye jedwali, safu ya thelathini na moja, ilisema: mwanamke, ana bakteria, haonyeshi dalili, hapeleki chakula nje ya nyumba yake. Na kwa sababu hapeleki chakula nje, makala ilimweka kando, ikaendelea kutafuta.

Ilichokipata ni maji. Nyumba zote zilizougua zilinunua maji kwa Mzee Kazungu, aliyekuwa akisukuma mkokoteni wake wa mitungi katika vichochoro vyetu tangu mimi sijaanza chuo cha Kurani. Maji yake yalipimwa mara moja na hayakukutwa na kitu. Kwa hiyo Daktari aliandika kwa uangalifu: huenda maji ya mchuuzi ndiyo yaliyoeneza ugonjwa, ingawa ushahidi haujatosha.

Nilirekebisha koma, nikairudisha. Haikukaa mwezi. Wahakiki wa jarida waliisoma, na mmoja wao akalalamika kwamba hitimisho linasitasita, halisemi kitu. Daktari akanipigia.

"Mwalimu, wanasema tunaogopa maneno yetu wenyewe. Hebu nisaidie hiyo sehemu ya mwisho, ikae imara. Niko na rasimu nyingine mbili mezani, nimechoka kweli."

"Nitaikaza, Daktari."

Nikaikaza. Nikaitoa huenda. Nikakitoa kile kishazi cha ingawa, ambacho kilikuwa kikining'inia mwishoni kama uzi. Sentensi ilibaki fupi, safi, yenye mwendo: maji ya mchuuzi yaliueneza ugonjwa katika mtaa huu. Mtu anayeipenda kazi yake hujua anapoandika sentensi nzuri. Nilijua ni nzuri. Nilijua pia ni ya uongo, na katika Mombasa nzima hakuna aliyejua hivyo kuliko mimi. Daktari aliipitisha. Jarida likaichapisha.

Makala za kitaaluma hazisomwi na watu wa kichochoroni, na mimi nilijifariji kwa hilo. Lakini mtu mmoja wa afya aliisoma, akamwambia mwengine, na redio moja ya mjini ikaitaja asubuhi kwa dakika mbili. Wiki hiyo walikuja maafisa wawili wakamwaga mitungi yote ya Mzee Kazungu kwenye mtaro. Kesho yake alikuja tena na mitungi mipya, na vijana wa kona wakamsimamisha.

"Mzee, leo watuletea homa lita ngapi?"

"Ya baridi ama ya kuchemka?" mwengine akadakia.

Yeye aliendelea kusukuma. Hakuna mlango uliofunguliwa. Alirudi siku nne mfululizo, mitungi imejaa, akatoka nayo imejaa.

Mimi nilikuwa dirishani. Nilijiambia: nikipimwa mara tatu nikaonekana safi, nitasema. Kipimo cha kwanza kilikuwa safi. Cha pili, mwezi uliofuata, kilikuwa safi. Nilikuwa nahesabu usafi wangu kama mtu anayesubiri kuoga ndipo aende kumwokoa aliyezama.

Kisha Alhamisi moja, baada ya sala ya alasiri, Mzee Kazungu alikuja bila mkokoteni. Alikuwa amevaa shati la kola lililopigwa pasi. Alibisha nyumba moja baada ya nyengine. Mlangoni kwa Bi Maryamu nilimsikia kila neno, kwa maana kichochoro chetu hakina upana wa kuficha sauti.

"Bi Maryamu, nimekuja kuaga. Naenda kutafuta kazi kwenye maghala ya Shimanzi. Lakini siwezi kuondoka kimya. Kama ni maji yangu yaliyomfanya mtoto vile, nisamehe. Mimi sikujua."

Bi Maryamu hakumjibu. Alimtazama tu, mpaka yeye mwenyewe akaondoka. Nami nilikuwa nimesimama juu yao, nimekamata nondo za dirisha, nikimtazama mtu akiomba kwa kinywa chake msamaha niliopaswa kuuomba mimi.

Siku ya pili nilimwomba Daktari Atieno tukutane Mama Ngina, kando ya bahari. Tulikaa kwenye ukuta, watu wakipita na watoto wao, akanunua mihogo ya kukaanga, akainyunyizia pilipili na ndimu, akanisogezea. Sikugusa.

"Kuna shida na rasimu?" aliuliza.

"Daktari, thelathini na moja ni mimi."

Hakuelewa upesi. Alitafuna, akaacha kutafuna.

"Mshiriki wa thelathini na moja?"

"Mimi. Na nilipeleka chakula. Nyumba saba, mwezi mzima. Chatini mbichi, niliichanganya kwa mkono. Nyumba zote zilizougua zimo."

Aliiweka mihogo chini. Akauliza kama mtafiti, lini, nyumba zipi, kuanzia tarehe gani, nami nikamjibu kama nilivyotakiwa kumjibu yule msichana. Nilimweleza ya Mama na sadaka. Hilo alilisikiliza kwa makini zaidi.

"Sisi hatukufikiria hivyo," alisema polepole. "Tulikuuliza mbele ya mama yako swali ambalo mtu mwema hawezi kulijibu. Hilo ni kosa letu, na nitaliandika. Lakini wewe ulijua majibu yako kabla hujaigusa makala yangu."

"Nilijua."

"Na ukaitoa huenda."

"Nikaitoa."

"Niliisoma mara tatu ile sentensi. Nikaona imependeza. Nikaiacha ipite." Alijipangusa vidole kimoja kimoja. "Nitawaandikia jarida watoe sahihisho. Jina lako halitatajwa, wewe ni mshiriki, nina wajibu huo kwako. Langu litatajwa. Kazi zangu sitakupa tena, mwalimu. Sisemi kwa hasira."

"Najua, Daktari."

Aliniachia mihogo akaenda zake.

Nyumbani, nilimwambia Mama yote tukiwa tumekaa jikoni, mahali ambapo sikuwa nimekaa kwa miezi. Nilitarajia atapiga kelele. Alikunja leso yake, akaikunjua.

"Siku zile zote nakuletea chakula chumbani, ulikuwa wajua?"

"Nilikuwa najua, Mama."

"Mimi nilificha sadaka yangu," alisema. "Wewe ulificha nini?"

Hakunisemesha siku sita. Shangazi alipokuja na kumuuliza vipi nyumba imekuwa baridi, Mama alimjibu kwamba binti ana kazi nyingi. Siku ya saba aliingia chumbani mwangu akaketi pembeni ya kitanda. "Hiyo karatasi yao ikitoka, nani ataisoma hapa?"

"Hapana mtu."

"Basi imemfaa nani?"

Sahihisho lilitoka baada ya wiki kadhaa. Lilikuwa na sentensi tatu, za kusitasita, zilizoandikwa na Daktari mwenyewe, na sijawahi kusoma Kiingereza kizuri kuliko kile. Lilisema kwamba taarifa ya mshiriki mmoja haikuwa sahihi, kwamba hakuna ushahidi dhidi ya maji, kwamba huenda chakula kutoka nyumba moja ndicho kilichoeneza ugonjwa. Kipimo changu cha tatu kilitoka wiki hiyo hiyo. Kilikuwa safi. Nilikitia mkobani pamoja na nakala ya sahihisho, nikaenda Shimanzi.

Nilimkuta Mzee Kazungu kwenye ghala moja akishusha magunia ya mchele, kichwa kimefungwa gunia tupu. Malori yalikuwa yamepanga mstari, injini zinanguruma. Alinitambua kwa kufanana na Mama.

"Binti ya nyumba ya mfereji. Mama hajambo?"

"Hajambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba."

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilianza kwa nyongo na nambari na jarida, nikaona anapotea, nikaacha. Nikasema: "Si maji yako. Ni mimi. Homa ilitoka kwenye chakula changu. Nilijua, nikanyamaza, na nikaandika kwamba ni wewe."

Wenzake wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia. Mmoja akasema, "Huyu ndiye?" na Mzee Kazungu akamnyamazisha kwa mkono. Alichukua ile nakala, akaipindua huku na huku, akanirudishia.

"Mimi maji yangu niliyajua," alisema. "Nilikuwa nikiyanywa na mwenye kisima kila asubuhi kabla sijapakia. Kwa hivyo mimi hukuniambia neno jipya. Waambie wa kule kichochoroni."

"Nitawaambia."

"Nami nitakuwapo. Nataka kusikia mwenyewe."

Tulikubaliana Alhamisi, baada ya alasiri. Alikuja na shati lile lile. Mama alitusindikiza mpaka kizingitini, akanishika mkono, ule wa kuchanganyia. "Wakiuliza nani aliyejibu hapana mara ya kwanza," alisema, "usinifiche."

Naweza kukwambia, wewe unayesoma, jinsi inavyokuwa, maana siku yako huenda ikaja. Mlango wa kwanza ulimi ni mzito kuliko wakati wa homa. Mlango wa pili unajaribu kupunguza, unasema wataalamu wanadhani, unasema pengine, na mtu aliyesimama nyuma yako anakohoa kidogo. Mlango wa tatu unasema tu. Fundi cherehani alinitukana, neno moja baya, kisha akampa Mzee Kazungu mkono. Nyumba ya pembeni walinikaribisha ndani, jambo lililokuwa gumu zaidi. Bibi wa nyumba ya nne hakuamini. Alisema chatini ile ilikuwa tamu mno kuwa na ugonjwa, nikalazimika kumwambia mara ya pili, kwa sauti, kwa kuwa masikio yake ni mazito, hata vijana wa kona wakasikia wote.

Mlango wa Bi Maryamu niliuacha wa mwisho, na hilo pia ni woga.

Alifungua mwenyewe. Nyuma yake Nuru alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka akiandika kazi ya chuo, miguu hewani. Nilisema niliyokuwa nimeyasema milango sita. Nuru aliacha kuandika.

Bi Maryamu aliuliza swali moja. "Ulijua lini?"

Nilikuwa na jibu fupi kuliko lililokuwa kweli. Ningeweza kusema tangu jarida. Ningeweza kusema tangu Mzee alipokuja kuaga.

"Tangu mvua za mwaka," nikasema. "Tangu nilipopewa majibu. Siku ile Nuru alikuwa hajaweza bado kutembea."

Halafu akaacha kunitazama. Akamgeukia mtu aliyekuwa nyuma yangu.

"Mzee Kazungu," alisema, "mimi ulinijia hapa nami sikukujibu. Niwie radhi."

"Yameisha, Bi Maryamu."

"Mapipa yangu yote mawili matupu. Mkokoteni bado unao?"

"Nilimwazima mtu. Nitauchukua."

"Basi niletee Jumamosi. Asubuhi, kabla jua halijawa kali."

Akamwita Nuru aje kumwamkia mzee. Mtoto akaja, akaamkia, akarudi kwenye mkeka wake bila kunitazama. Bi Maryamu akaufunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa.

Jumamosi nilisikia magurudumu ya mkokoteni kwenye mawe, na maji yakimiminwa katika mapipa yake kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata milango mitatu ilifunguliwa. Sasa ni mitano. Watu wa nyumba za kona wananunua kwengine, na Mzee Kazungu anashusha magunia Shimanzi siku za Jumatatu na Jumanne, kwa sababu maji peke yake hayamtoshi kama zamani.

Mimi hukutana na Bi Maryamu karibu kila asubuhi. Kichochoro hakina njia ya pili. Humwambia subalkheri. Hanijibu. Kesho yake humwambia tena.